Geay alichomoka mapema, Chebet akashukuru

Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 15, 2025, ubishi wa Boston umerudi huku kwetu Hanang, na umerudi kwa kelele. Nani mkali zaidi, Simbu au Gabriel Geay? Kwa nini mwenye muda mzuri kuliko Mtanzania yeyote hana taji la mbio kubwa? Na je, ni haki Wakenya wawili wa kambi moja kumbana Mtanzania mmoja aliyekwenda peke yake? Ukiyafuata maswali yote matatu yanakupeleka mahali pamoja: kilomita ya 30 ya Boston Marathon, Aprili 17, 2023, pale Geay alipoongeza kasi kwenye vilima vya Newton. Ulikuwa uamuzi mbaya. Nilisema siku ile na naendelea kusema.

Mliiona mbio ile, kwa hiyo sitaisimulia yote. Kumbukeni tu hali ilivyokuwa. Boston hawaweki waongoza kasi. Hakuna mtu anayelipwa kukaa mbele hadi kilomita ya 30 kisha apishe, kama ilivyo Berlin au Valencia. Swali la kwanza la kila mkimbiaji akiwa bado mstari wa kuanzia, Hopkinton, ni nani leo atabeba mzigo. Siku ile aliubeba Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili na mshika rekodi ya dunia wakati huo kwa 2:01:09. Alikaa mbele sehemu kubwa ya njia, kwenye manyunyu, akikata hewa kwa ajili ya watu waliokuwa wanajiandaa kumpiga. Hakuna aliyemwomba. Geay alikuwa ndani ya kundi, ametulia, hapotezi hatua. Hadi hapo sina neno.

Kisha akachomoka. Kundi likanyooka kama uzi, likakatika, na aliyebaki upande mbaya wa mkatiko akawa Kipchoge. Huku nyumbani watu wakaruka vitini: mtoto wa Mbulu amemwacha Kipchoge! Na kweli alimwacha. Kipchoge alimaliza wa 6 kwa 2:09:23, na picha ile ya bingwa akibaki nyuma ikazunguka dunia nzima. Lakini mchambuzi hatazami aliyeachwa. Anatazama aliyebaki. Walibaki Evans Chebet, bingwa wa Boston wa 2022, na Benson Kipruto, bingwa wa Boston wa 2021. Wawili hao walivijua vilima vile kwa miguu yao, na wote wawili walishavuka utepe wa Mtaa wa Boylston wakiwa wa kwanza.

Sasa niambieni: kati ya watu watatu waliokuwa hatari siku ile, yupi alistahili kuondolewa kwanza? Kipchoge alikuwa hajawahi kukimbia Boston hata mara moja. Mataji yake mengi aliyachukua kwenye njia tambarare, nyuma ya waongoza kasi. Vilima vingemmaliza vyenyewe, kilomita mbili au tatu baadaye, bila Geay kutoa hata tone la jasho la ziada. Na kwa muda wote huo angeendelea kukaa mbele. Kumwondoa pale ni kumfungua maksai kwenye jembe wakati shamba halijafika nusu. Nani alime sasa? Kazi iliyokuwa inafanywa bure na mtu mwingine ikamwangukia yeye, huku nyuma yake wakiwa wamekaa mabingwa wawili wanaofundishwa na kocha mmoja.

Tuiangalie njia yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Vilima vya Newton ni vinne na vinaanzia karibu na kilomita ya 26. Cha mwisho, Heartbreak Hill, kinaisha karibu na kilomita ya 34. Kutoka kileleni hadi utepe kunabaki kilomita nane hivi, na nyingi zinateremka. Mkimbiaji mwenye kasi ya asili ya mita 10,000, na Geay anayo, amepewa zawadi pale: wenzake wanafika kileleni mapaja yamekufa, yeye anaanza kushuka. Pale ndipo pa kuchomoka. Ukitoa bunduki kilomita ya 30 unajilipisha kilima kilichobaki kwa bei mara mbili, na ukifika kileleni ile risasi uliyoihitaji zaidi umeshaitumia.

Nilikuwa Basotu hivi karibuni, pale senta, karibu na wanapouza samaki wa ziwani. Kijana mmoja alikuwa anairudia mbio hiyo kwenye simu, kioo kimepasuka pembeni, vichwa vitano vimeinama juu yake. Mzee mmoja aliyeendesha kombaini miaka mingi kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO akamwambia asimamishe picha. Akachora kwa ncha ya fimbo kwenye vumbi: mteremko mrefu, vilima vinne, mteremko tena. Akagusa kilima cha tatu. "Hapa ndipo alipoondoka," akasema. Akagusa nyuma ya kilima cha nne. "Na hapa ndipo pa kuondokea. Angemwacha Kipchoge afe mlimani, yeye ale mteremko." Kijana akabisha: "Lakini mzee, angesubiri, Chebet angeondoka yeye." Mzee akafuta mchoro kwa kiatu. "Chebet si aliondoka vilevile?"

Ndiyo, aliondoka vilevile. Wakabaki watatu, na kuelekea mwisho Chebet akatoa kile alichokuwa amekitunza, akamaliza kwa 2:05:54. Geay 2:06:04. Sekunde 10. Kwa kasi waliyokuwa wanakimbia, hizo ni kama mita 55, chini ya upana wa uwanja wa mpira. Ukiniuliza mita 55 zilipotelea wapi, nitakuonyesha kilima cha tatu. Kumpiga Kipruto kwa sekunde mbili na kuchukua nafasi ya pili ilikuwa kazi nzuri.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Boston ya 2025, John Korir alichomoka karibu na maili ya 20, vilimani hukohuko, akashinda kwa 2:04:45. Mbona yeye hatumlaumu? Kwa sababu Korir alipochomoka hakuna aliyemfuata. Kasi ya kuvunja kundi ni ile inayovunja wote, na kama huna hiyo mguuni, kaa. Geay alitoa kasi inayotosha kumwacha aliyechoka na isiyotosha kuwaacha wawili waliokuwa wazima. Hiyo ni kasi ya nusu, na katika marathoni hakuna kitu ghali kama hicho. Wa pili nyuma ya Korir mnamjua: Simbu, kwa 2:05:04, akimzidi CyBrian Kotut mita za mwisho muda ukiwa uleule. Simbu hakumkimbilia Korir. Alikokotoa, akabaki, akachukua kilichokuwa chake.

Kuhusu haki. Chebet na Kipruto walisaidiana, na Chebet mwenyewe hakuificha baada ya mbio. Pale Basotu wapo wanaosema ule ni ujanja uliopaswa kukemewa, kwamba marathoni ni mtu mmoja mmoja. Sikubaliani nao hata kidogo. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Watu wanaokula pamoja, wanaoamka pamoja alfajiri na kukimbia kilomita 35 pamoja, hawawezi kugeuka wageni siku ya mashindano. Swali la haki tulielekeze kwetu: kwa nini Mtanzania anafika mstari wa kuanzia akiwa mmoja? Wanariadha wetu wanatawanyika, kila mmoja na meneja wake, kila mmoja na ratiba yake, na siku wanayokutana kwenye kundi la mbele hawajawahi kupanga lolote. Hili nimeliandika hadi wino umekauka. Kurasa za michezo zimejaa nani kasajiliwa Simba na nani kaachwa Yanga. Mkoa wa Manyara unaotoa wakimbiaji wa dunia unakumbukwa siku ya medali tu.

Zamani walijua kupanga mbio pamoja. Brisbane, Oktoba 1982, Michezo ya Jumuiya ya Madola: Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga waliondoka mapema, wawili, bega kwa bega, wakawaacha wengine wakiulizana. Rob de Castella wa Australia alilazimika kuwafukuza njia nzima mbele ya watu wake, na alipompata Ikangaa ilibidi wapigane kweli. De Castella 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Walishindwa, lakini walishindwa wakiwa na mpango. Na hapo nina kinyongo kingine cha miaka mingi: Shahanga alikuwa ametoka kutwaa dhahabu ya mita 10,000 kwa 28:10.15 siku chache tu kabla. Viongozi wa timu waliomrudisha barabarani na miguu ile ndio waliomfanya awe wa 6. Akiwa mbichi, Ikangaa angekuwa na mwenzake kilomita za mwisho, na de Castella angekuwa na kazi mbili badala ya moja.

Huyo Shahanga ni wa hapa Katesh. Mwaka 1978 alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, na miaka minne baadaye akaongeza ile ya uwanjani. Dhahabu mbili katika mbio mbili za umbali tofauti. Vijana wanaobishana kuhusu thamani ya Geay na Simbu nikiwatajia jina hilo wananiangalia tu. John Stephen Akhwari wa Mbulu naye anakumbukwa kwa kuchechemea Mexico 1968, goti limefungwa bendeji. Ni wangapi wanajua kwamba miaka miwili baadaye, Edinburgh, alikuwa wa 5 kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola?

Watasema nawapendelea wa zamani, ilhali nao walikimbia mbele na walishindwa. Tofauti ni kubwa. Filbert Bayi kule Christchurch, Februari 2, 1974, kwenye mita 1,500, aliondoka na mlio wa bastola. Mita 800 alizipita kwa 1:52.2, na mpinzani wake John Walker alipoamka ilikuwa mbio ya Bayi, kwa masharti ya Bayi. Rekodi ya dunia, 3:32.16. Ikangaa New York 1989 alikimbia vivyo hivyo, akashinda kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile. Ukiamua kukimbia mbele, anza nayo mwanzo, mpinzani asipate nafasi ya kupumzika mgongoni mwako. Ukiamua kusubiri, subiri hadi mwisho kabisa, kama Simbu Tokyo alipomfikia Amanal Petros kwenye mstari na kumzidi kwa sekunde 0.03. Kilichofanyika Newton hakikuwa hiki wala kile. Na msiniletee muda wa leo kuupima na ule wa Ikangaa. 2:08:01 ile ilikimbiwa na viatu vyembamba, kabla ya soli nene zenye sahani ya kaboni. Mimi naipa uzito kuliko nyingi za 2:05 tunazozipigia makofi.

Hata Ikangaa Boston ilimshinda, tena mara tatu mfululizo. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein alimpiga kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Mwaka 1989 alikuwa Abebe Mekonnen. Mwaka 1990 Gelindo Bordin alimkamata kwenye vilima hivihivi baada ya Ikangaa kuanza kwa kasi kubwa. Ongeza Geay 2023 na Simbu 2025. Mara tano Mtanzania amekuwa wa pili Boston. Mara tano! Na vilima hivi vinajulikana tangu enzi hizo, Ikangaa yupo hai na anazungumza, mtu anaweza kukaa naye akamuuliza ni wapi hasa miguu inakufa.

Thamani ya Geay, basi. Mtu aliyekimbia 2:03:00 Valencia, Desemba 2022, nyuma ya Kelvin Kiptum peke yake, ana injini kubwa kuliko ya Simbu, na anayebisha hilo anabisha na saa. Lakini Simbu anajua kusoma mbio, na ndiyo maana dhahabu iko shingoni mwake. Nawataka wote wawili kwenye mstari mmoja pale Hopkinton, wakiwa wamekaa kambi moja walau miezi mitatu, West Kilimanjaro au hapa Hanang chini ya mlima, na wamekubaliana kabla: hakuna anayechomoka kabla ya kilele cha Heartbreak, Geay ndiye anayeanza pale mteremko unapofunguka kuelekea Brookline, na yeyote atakayemfuata amkute Simbu amekaa mgongoni kwake.