Ufundi wa Mwovu Ulingoni: Ric Flair, Roman Reigns na Gunther

Utangulizi

Katika mieleka ya kulipwa ya Marekani, mshindi hupangwa kabla ya pambano kuanza. Jambo hili si siri tena. Wanaolitaja kwa nia ya kuidharau mieleka hawajasema mengi, kwani hata mwisho wa tamthilia huwa umeshaandikwa kabla pazia halijafunguliwa, na hakuna mtazamaji anayedai arudishiwe kiingilio kwa sababu hiyo. Mfaransa Roland Barthes alilitambua hili mapema. Kitabu chake Mythologies, cha mwaka 1957, kinaanza na insha kuhusu mieleka, naye anaitazama kama tamasha lililo karibu na tamthilia za kale kuliko michezo ya mashindano. Makala haya yanaanzia hapo alipoishia: ikiwa mieleka ni sanaa ya maonyesho, basi ina wahusika, na wahusika huhakikiwa.

Mhusika ninayemhakiki ni mwovu. Katika kibanda cha video cha mtaani kwetu, huku Uganda, tulimwita adui, na tulimzomea hata alipokuwa kwenye kioo cha televisheni asikoweza kutusikia. Swali langu ni hili: kati ya Ric Flair, Roman Reigns na Gunther, waovu watatu waliokaa na mikanda kwa muda mrefu, nani ni fundi zaidi anapokuwa ulingoni? Nasema ulingoni kwa makusudi. Maneno ya kwenye kipaza sauti, mavazi na muziki wa kuingilia nimeviweka kando. Ninatazama mwili unafanya nini kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

Vigezo vya uhakiki

Mashabiki wengi humpima mwanamieleka kwa idadi ya mitindo anayoijua: anaruka kutoka kamba ya juu au haruki, anajua kabari ngapi, anambeba mtu wa kilo ngapi. Kipimo hicho kinaweza kumfaa shujaa. Kwa mwovu hakifai, na mfano mmoja unatosha kuonyesha hivyo. Kuanzia Juni 1987 hadi Agosti 1988, mkanda wa Intercontinental wa kampuni ya WWF ulikuwa kiunoni mwa Honky Tonk Man. Alikuwa mtu wa mitindo michache mno. Akibanwa alitoka nje ya ulingo na kukimbia, kwa kuwa kanuni zinasema mkanda haubadilishi mikono bingwa akishindwa kwa kuhesabiwa nje au kwa kuvunja sheria. Aliishi na hila hiyo kwa siku 454. Kisha, katika SummerSlam ya kwanza jijini New York, Ultimate Warrior alimbwaga kwa takriban nusu dakika, na ukumbi ukalipuka kwa furaha. Nusu dakika ile isingekuwa na maana yoyote bila siku 454 za kukimbia. Huo nao ni ufundi, ingawa hauonekani katika orodha ya mitindo.

Kwa hiyo nitatumia vigezo vitatu. Cha kwanza ni kumjenga shujaa: je, baada ya pambano, mpinzani wa mwovu anaonekana mkubwa kuliko alivyoingia? Cha pili ni kusimulia kwa mwili: je, kila ubaya anaoutenda una sababu na matokeo, kama tukio katika hadithi? Cha tatu ni usalama: je, anaweza kuonekana anamuua mwenzake bila kumuumiza?

Kigezo hiki cha tatu husahaulika, nami nilijifunza uzito wake nyumbani. Nilikuwa na miaka 11 na mdogo wangu ana 8. Nilimbeba begani kama tulivyoona kwenye televisheni, nikambwaga kwenye nyasi, mkono wake ukavunjika juu ya kiwiko. Niliijua picha ya kitendo. Sikujua kwamba anayebeba ndiye anayeshika, anayepunguza kasi na anayeangalia kichwa cha mwenzake kinaelekea wapi. Hata mabingwa hukosea. Katika SummerSlam ya mwaka 1997, Owen Hart, mwanamieleka hodari aliyekuwa upande wa waovu usiku ule, alimshusha Steve Austin kwa kichwa, na shingo ya Austin ikaumia vibaya. Austin alimaliza pambano akitambaa. Watazamaji waliona mwovu aliyefanikiwa kupita kiasi. Kwa kigezo changu, alikuwa mwovu aliyeshindwa kazi yake.

Ric Flair: mwovu anayeanguka

Flair ana mtindo mmoja mkuu wa kumalizia: humfunga mpinzani miguu kwa umbo la tarakimu nne. Ili kufika huko, huanza mapema kuushambulia mguu. Huupiga teke la goti, huugongesha kwenye nguzo, huuangukia, na kila mara mpinzani huchechemea zaidi. Mtazamaji anajua ni nini kinakuja, na anakiogopa. Hii ndiyo mbinu ya fasihi ya kudokeza mapema yatakayotokea, nayo imeandikwa kwenye goti la mtu.

Lakini sehemu kubwa ya ufundi wa Flair imo katika kuanguka kwake. Akipigwa, husimama kidogo, hutembea hatua mbili tatu kama mtu aliyesahau njia ya kwake, kisha huanguka kifudifudi. Akitupwa pembeni, hupinduka juu ya nguzo miguu ikiwa hewani. Akizidiwa, hupiga magoti na kuomba radhi mikono ikiwa mbele, na shujaa akisita tu, humtia kidole jichoni. Hupanda kamba ya juu, na karibu kila mara hukamatwa huko na kutupwa chini. Mtu anaweza kuuliza: bingwa mwenye akili anapandaje mahali anapotupwa kila siku? Jibu ni kwamba anapanda ili atupwe. Anampa shujaa nafasi ya kuonyesha nguvu zake.

Ushahidi bora ni mapambano yake matatu na Ricky Steamboat mwaka 1989. Steamboat alishinda mkanda Chicago mwezi Februari. Mwezi Aprili walikutana New Orleans katika pambano la kushinda raundi mbili kati ya tatu, lililokaribia saa nzima. Mwezi Mei, Nashville, Flair aliurudisha mkanda. Katika mapambano yote matatu, Steamboat anaonekana mtu asiyechoka, na hilo linatokana na Flair, ambaye huchoka kwa niaba ya wote wawili: nywele zake nyeupe hutawanyika, kinywa kinabaki wazi, miguu inagongana.

Flair ana kasoro moja, nayo inatokana na uzuri wake. Baada ya ushindi wa Nashville alimpa Steamboat mkono na kumsifu, na usiku uleule Terry Funk alipomvamia, Flair akageuka kuwa shujaa. Mwovu akifanya kazi vizuri mno, watu humpenda. Ufundi ukionekana, chuki hupungua.

Gunther: mwovu asiyepamba

Gunther, mzaliwa wa Austria, aliuchukua mkanda uleule wa Honky Tonk Man mwezi Juni 2022 na kukaa nao siku 666. Aliivunja rekodi ya mkimbiaji kwa njia ya mtu asiyekimbia kabisa. Hii inatuonyesha kwamba cheo kimoja cha uovu kinaweza kujazwa na ufundi wa aina mbili zinazopingana.

Silaha yake ni kofi la kifua. Humsimamisha mpinzani kwenye kona, humfungua mikono, kisha humpiga kofi ambalo mlio wake unafika viti vya nyuma. Kifua hubadilika rangi mbele ya macho yetu. Hapa maigizo na ukweli vinakutana: maumivu ni ya kweli, lakini madhara ni madogo, kwa kuwa pigo linaishia kwenye ngozi na nyama na haligusi shingo wala uti wa mgongo. Kwa kigezo cha usalama, hili ni chaguo la mtu mwenye hekima.

Tarehe 3 Septemba 2022, Cardiff, alipigana na Sheamus. Walibadilishana makofi hadi kifua cha Sheamus kikawa kama nyama buchani. Gunther alishinda. Kisha umati ukasimama wima na kumpigia makofi yule aliyeshindwa. Nilipolitazama pambano hilo nilikumbuka Utendi wa Fumo Liyongo. Liyongo anachomwa na mwanawe kwa sindano ya shaba, anaenda kupiga goti kisimani, na watu wanaogopa kumkaribia hata akiwa amekwisha kufa. Tendo la msaliti ndilo linalotuonyesha ukubwa wa Liyongo. Gunther alimfanyia Sheamus kitu cha namna hiyo: alimshinda, na katika kumshinda akamwachia heshima yote.

Aliupoteza mkanda tarehe 6 Aprili 2024, Philadelphia, kwa Sami Zayn. Zayn ni mdogo wa mwili, na mke wake alikuwa amekaa karibu na ulingo. Gunther alimpiga Zayn huku akimtazama mke huyo. Hakuongeza mtindo wowote. Aliongeza macho tu, na kila pigo likapata maana mpya. Upungufu wa Gunther ni kwamba mapambano yake mengi yana umbo moja: ukuta, na mtu anayejaribu kuubomoa. Ukuta hauombi radhi wala hauogopi. Shujaa wa aina moja, yaani mvumilivu, hujengeka vizuri mbele yake. Wengine hawapati nafasi.

Roman Reigns: mwovu anayesema

Reigns alikuwa bingwa kuanzia Agosti 2020 hadi Aprili 2024, siku 1,316. Kwa orodha ya mitindo, ndiye maskini wa watatu hawa: ngumi ya kurukia, dafrau la bega, na kabari ya shingo. Miaka ya nyuma, kampuni ilipotaka awe shujaa, mashabiki walimzomea. Alipogeuzwa kuwa mwovu alipunguza kasi, akaanza kuzungumza katikati ya pambano. Wakati huo wa korona kumbi hazikuwa na watu, na kila neno lilisikika.

Tarehe 25 Oktoba 2020 alipigana na Jey Uso, ndugu wa ukoo wake, katika pambano ambalo hushindwa anayetamka mwenyewe kwamba amekubali kushindwa. Jey alipigwa sana na hakutamka. Jimmy, pacha wake, alipoingia kumwombea, Reigns alijifanya analia, akampa mkono, kisha akampiga kabari. Jey alitamka ili kumwokoa pacha wake. Kwa kigezo cha kusimulia, sijaona pambano la mwovu lililo bora kuliko hilo. Kabari ni ileile anayoitumia kila wiki, lakini shingo iliyokabwa si ya mshindani, na hapo ndipo hadithi ilipo.

Tatizo ni kwamba kadiri miaka ilivyosonga, hadithi ilihama kutoka mwilini mwake kwenda kwa wasaidizi wake. Mwezi Aprili 2023 alimshinda Cody Rhodes kwa msaada wa Solo Sikoa, na njia ya namna hiyo ilirudiwa mara nyingi. Msaada wa nje ni uovu halali katika mieleka. Hata hivyo, mhakiki anayepima ufundi wa ulingoni hawezi kumpa mtu alama za kazi iliyofanywa na mwingine.

Hitimisho

Nilipoanza kuandika, nilikusudia kumpa Gunther nafasi ya kwanza, kwa sababu ndiye ninayependa kumtazama. Vigezo nilivyoviweka mwenyewe vimenikatalia. Flair ndiye fundi wa kwanza, kwani anaweza kumjenga shujaa wa aina yoyote: mwenye nguvu, mwenye kasi, mvumilivu au mwerevu. Gunther ni wa pili. Reigns ni wa tatu, ingawa pambano lake moja linawashinda wote kwa usimulizi.

Kuna anayeweza kusema kwamba huu ni mjadala wa burudani tu. Ninaona jambo zito zaidi ndani yake. Huku kwetu Uganda, Mukono, vijana wa Soft Ground Wrestling hucheza mieleka katika ulingo wa miti juu ya udongo, na video zao zimetazamwa duniani kote. Watoto wanaowatazama wao na WWE watajifunza uovu wa ulingoni kutoka kwa mtu fulani. Tukiwasifia waovu kwa kuruka juu na kubwaga kwa nguvu tu, tutawafundisha picha ya kitendo, kama nilivyojifunza mimi. Tukieleza kwamba mwovu hodari ni yule anayeanguka vizuri na kumrudisha mwenzake salama nyumbani, tutakuwa tumewapa nusu ya ufundi ambayo televisheni haiionyeshi.

Mkono wa mdogo wangu ulipona, ingawa haunyooki kabisa. Bado tunatazama mieleka pamoja, na siku hizi yeye hushangilia waovu. Nikimuuliza sababu, hunijibu kwamba wao ndio wanaofanya kazi.