Nani Anawasha Kandili?

Mwenzetu mmoja katuletea hadithi fupi inayotokea Cairo, ndani ya msikiti wa Sultan Hasan. Kijana anaingia, anatazama juu, anaziona taa za kale zikimeremeta kama nyota za mbinguni, machozi yanamtoka. Basi. Taa zimeachwa hapo hapo, hadithi inaendelea na mambo ya posa. Kwenye kikao wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na kuliko kunong'ona pembeni naona bora niseme hapa.

Kwanza, ndugu yangu, taa hizo hazipo! Msikiti ulianza kujengwa 1356, na kandili zake za kioo zilikuwa nyingi ajabu. Lakini zile zilizosalia zilikwisha kutolewa zamani, nyingi zikapelekwa Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, mjini humo humo. Kinachomkuta mgeni leo ni minyororo mirefu inayoshuka kutoka juu kabisa, na mwisho wake taa za kawaida tu. Na hata huko makumbusho hazikupona. Januari 2014 bomu lililolenga makao ya polisi ng'ambo ya barabara lililipua jengo, vioo vikapasuka, kandili zikiwemo. Jumba likafunguliwa tena 2017, baada ya mafundi kukaa na vipande mikononi wakiunga. Sasa niambie, hiyo si hadithi? Wewe ukatuletea nyota.

Pili, umezitazama kweli? Kandili ya enzi za Mamluki imekaa kama jagi la maua: mdomo mpana, tumbo la mviringo, masikio ya kupitishia minyororo. Ndani kuna kikombe cha mafuta na utambi. Shingoni, kwa rangi ya buluu iliyochomwa tanuruni, mara nyingi imeandikwa Aya ya 35 ya Surat An-Nur, ile inayotaja taa ndani ya kioo. Yaani taa imevaa maneno yanayoisema yenyewe. Lakini shuka tumboni. Hapo mambo yanageuka: buluu ndiyo imejazwa nyuma, herufi zimeachwa wazi na kutiwa dhahabu. Ni maneno gani hayo? Jina na sifa za sultani au amiri aliyelipa. Utambi ukiwaka, nuru inapenya kwenye jina la mkubwa!

Mimi hapo nasimama kabisa. Ni ibada au ni majivuno? Nadhani ni vyote viwili, kwenye kioo kimoja, na fundi alijua. Taa ya Amiri Qawsun, ambayo siku hizi iko Metropolitan Museum, New York, ina nembo ya kikombe, kwa kuwa bwana huyo alikuwa mnyweshaji wa sultani. Fundi naye, Ali bin Muhammad, katia jina lake kwenye kitako. Watatu wanagombea mwanga mmoja. Mwandishi anayetafuta mgogoro atake nini tena?

Sisemi hadithi yote mbovu, la hasha. Pale mlangoni kijana anapobishana na mzee wa kutunza viatu, lugha inatembea yenyewe, mtu unasikia hata kikohozi cha mzee. Ndiyo maana nimeudhika. Anayeweza kumsikia mzee wa viatu kashindwaje kuuliza nani alikuwa akipanda kuwasha mataa yote yale?

Maana mtu huyo alikuwepo. Hati za wakfu za zama zile zilitenga fedha za mafuta na ujira wa mwasha taa, kazi yenye jina lake kama ya mwadhini. Jioni baada ya jioni anateremsha, anafuta moshi kwenye jina la sultani, anatia mafuta, anapandisha. Jina lake halimo kwenye kioo chochote. Iandike upya, bwana, na safari hii mwanzie yeye, mikono ikinuka mafuta. Machozi ya kijana tutayaona baadaye, kama yatakuwa bado yanahitajika.