Ushahidi wa Aliye Mbali



Bila shaka waikumbuka picha iliyotoka Khartoum mwezi wa Aprili 2019. Msichana mwanafunzi, Alaa Salah, amesimama juu ya gari, amevaa thobe nyeupe na hereni kubwa za duara, amenyoosha kidole juu, na umati umemzunguka. Alikuwa akisoma shairi, na watu wakimwitikia "Thawra", yaani mapinduzi. Picha ile aliipiga mwanamke mwenziwe, Lana Haroun, tarehe 8, na katika siku chache ikazunguka dunia. Hapa kwetu pwani iliingia katika simu za vijana, na kwa vijana ikatufikia sisi wazee barazani.

Leo nataka tuitazame tena. Sikusudii kumtia ila msichana yule wala aliyeipiga, bali sisi tulioitazama.

Kwanza tuseme haki. Picha ni nzuri, na uzuri wake una maana. Thobe ni vazi la heshima la wanawake wa Sudan, la mama nyumbani na la mwalimu kazini. Kuja nalo mbele ya makao makuu ya jeshi ni kuwaambia watawala: wanaodai haki si wahuni wala wageni, ni watu wa nyumba zenu wenyewe. Lakini tazama na waliomzunguka. Wengi wameinua simu, hata wao wanamtazama kwa kioo. Tofauti yao na sisi ni moja tu, nayo ni kubwa: wao risasi iliweza kuwafika.

Sasa tuulize yale ambayo picha haikuyasema. Mambo yale hayakuanza kwa shairi, yalianza kwa mkate. Tarehe 19 Desemba 2018 watu wa Atbara, mji wa reli, walitoka majiani baada ya bei ya mkate kupanda kutoka pauni 1 hadi pauni 3. Madaktari, walimu na mawakili, kwa jumuiya yao, wakawa ndio wanaotangaza siku za maandamano. Tarehe 6 Aprili ikachaguliwa kwa kuwa siku kama hiyo, mwaka 1985, ndiyo aliyoangushwa Nimeiry. Na kabla yake, Oktoba 1964, wananchi walimshinda Abboud. Watu wale walikuwa wakiijua njia. Sisi huku tuliona jambo la ghafla, kwa sababu tulifungua macho siku ya ngoma.

Na tukubali jambo jengine zito. Vita vya Darfur vilianza 2003. Waliouana ni Waislamu kwa Waislamu, na wengi wetu tulinyamaza kwa kuwa serikali ile ilijipamba kwa jina la sharia. Wapiganaji wale wa Darfur, waliojulikana kwa jina la Janjaweed, ndio waliozaa kikosi cha RSF kilichoundwa 2013. Dhuluma haitahiriki kwa kuvaa kilemba. Lau tungalitazama Darfur, tungalijua nani amesimama pembeni mwa picha.

Tarehe 11 Aprili 2019 Omar al-Bashir akaondoshwa, naye alikuwa ametawala tangu 30 Juni 1989. Hapa nakiri kosa langu. Siku ile niliwaambia wanafunzi wangu kwamba dhuluma ya Sudan imekwisha. Tukaomba dua, nikarejea nyumbani na furaha, na toka siku ile sikufuatilia tena.

Haikuwa imekwisha. Watu waliendelea kukaa mbele ya makao makuu wakidai utawala wa raia. Tarehe 3 Juni, katika siku za mwisho za Ramadhani ya 1440, wakavamiwa kwa silaha. Madaktari wao walihesabu waliouawa zaidi ya 100, na maiti nyengine zilitupwa katika mto Nile. Intaneti ikakatwa. Huku nje watu wakazigeuza picha zao katika simu kuwa za rangi ya samawati, kumkumbuka kijana mmoja aliyeuawa. Nia ilikuwa njema. Lakini wakatokea matapeli katika Instagram, wakadai kwamba kila anayewafuata na kulisambaza tangazo lao, mtu wa Sudan atapata chakula. Malaki ya watu wakawafuata, na chakula hakikuwapo. Angalia walivyotujua wale! Walijua twapenda sadaka isiyotoka mfukoni. Nasi Suratul Hujurat twaisoma, na amri yake ya kupeleleza khabari twaijua.

Baada ya hapo, Agosti 2019, raia na wanajeshi wakakubaliana kutawala pamoja. Tarehe 25 Oktoba 2021 wanajeshi wakaupindua mpango ule. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, jeshi na RSF wakageukiana, na watu zaidi ya milioni 10 wakayahama makwao.

Siku zile za 2023 alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu. Mwanawe, aliyepita mikononi mwangu madrasa, alikuwa akisoma Khartoum, na simu yake ilikuwa haishiki. Akaniambia: "Maalim, si wewe uliyetwambia kule mambo yamekwisha?" Sikuwa na jawabu. Kijana alirejea salama, alhamdulillahi, lakini swali la mamake limebaki nami.

Utaniuliza: Sisi tu mbali, tufanye nini? Hadithi ya kuondosha munkari kwa mkono, kwa ulimi na kwa moyo sote twaijua. Tatizo ni kwamba ile daraja ya moyo tumeifanya godoro la kulalia. Mimi nasema kwamba anayefuata khabari za wanaodhulumiwa ni shahidi, na ushahidi una masharti. Shahidi hasemi asilolijua. Shahidi hamfichi jamaa yake. Na shahidi hatoki barazani kwa kadhi kesi ikiwa katikati, kwa kuwa maneno matamu yamekwisha.

Na aliyebaki kutazama aliona jambo ambalo picha ile haikulionyesha. Vilipozuka vita, vijana wa kamati za mitaa, wale wale waliokuwa wakipanga maandamano, waligeuka wakawa wanapika masufuria ya chakula cha jamii, wakihamisha wagonjwa na kuzika maiti. Hapakuwa na gari la kusimama juu yake wala umati wa kuitikia. Kazi ile ndiyo iliyostahiki macho yetu, na dirhamu zetu kwa mikono inayojulikana, zaidi ya picha ya Aprili.

Basi, ndugu msomaji, siku watu wengine watakapotoka kudai haki yao, nawe ukaletewa picha nzuri, itazame. Kisha uulize walianza lini, nani amesimama pembeni, na kesho yake ukaulize tena.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, awarejeshe waliohama makwao, na atusamehe sisi tuliotazama kidogo tukaondoka. Amin.