Sufuria Iliyooshwa

Chai ikinuka samaki, mpishi halaumu majani ya chai, huitazama sufuria. Mimi nilichelewa kulijua hilo katika kazi yangu ya kuandika programu. Usiku kucha nilisaka kosa kwenye hesabu za malipo, na hesabu zenyewe zilikuwa sahihi. Jaribio la kuzikagua lilitarajia kukuta wateja watatu kwenye hifadhidata, likakuta wanne. Yule wa nne aliachwa na jaribio lililotangulia. Nikiliendesha jaribio langu peke yake linafaulu, nikiliendesha pamoja na wenzake linaanguka.

Tangu usiku ule nawaheshimu mno mafundi wanaohakikisha kila jaribio linaanza na data zake lenyewe. Kent Beck na Erich Gamma walipoandika JUnit, zana ya kujaribia programu za lugha ya Java, mwaka 1997, waliipa desturi nzuri: kila jaribio huundiwa kitu chake kipya, hata kama majaribio yote yameandikwa katika faili moja. Hilo latosha kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hifadhidata ndiyo jiko la wapangaji wote, na hapo ndipo ufundi unapopimwa.

Django, zana ya kujengea tovuti, hufungua muamala kabla ya jaribio na kuubatilisha likimalizika, na kila kilichoandikwa hufutika kama nyayo ufukweni maji yakijaa. Lakini si kila kitu hufutika. Katika hifadhidata ya PostgreSQL namba za mfululizo hazirudi nyuma: jaribio likichukua namba 7, linalofuata litapewa 8, muamala uwe umebatilishwa au la. Ndiyo maana fundi hodari hamtafuti mteja namba 1. Humsajili mteja wake mwenyewe, akampa jina lisilotumiwa na jaribio jingine, kisha akamtafuta huyo huyo. Ni kazi ya mistari miwili mitatu ya ziada, na wengi huiruka kwa uvivu. Aliyeiandika anaweza kuendesha majaribio mia kwa wakati mmoja bila hofu.

Mwaka 2011 ilitoka Java 7, na majaribio yaliyofaulu kwa miaka yakaanza kuanguka bila mtu kugusa msimbo. Kilichobadilika ni mpangilio tu: lugha haikuyaorodhesha tena kwa utaratibu uliozoeleka, na yaliyokuwa yakiegemeana yakakosa pa kuegemea. Mwaka uliofuata JUnit 4.11 ikaweka mpangilio usiobadilika. Ilikuwa nafuu kubwa, nami sikatai, ila naona ilifunika kidonda. Jaribio lisiloweza kutangulia au kufuata jingine lolote halijakamilika.

Basi leo, kabla hujafunga kompyuta, changanya mpangilio wa majaribio yako uyaendeshe upya. Litakaloanguka, anza nalo kesho asubuhi.