Suleiman Nyambui na mita 300 za Moscow

Tamka neno "Musoma" mara moja, bila haraka. Muda huo ndio uliomtenga Mtanzania Suleiman Nyambui na dhahabu ya Olimpiki tarehe 1 Agosti 1980. Miruts Yifter wa Ethiopia alimaliza mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 20.91, Nyambui, mtoto wa Majita mkoani Mara, akaingia kwa 13:21.60. Sekunde 0.69. Kwa kasi ya pale mwishoni, hizo ni hatua mbili tatu tu.

Jibu jepesi ni kwamba Yifter alikuwa na kasi zaidi. Ni kweli, ila halitufundishi kitu.

Mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu. Kwa muda wa Yifter, wastani unakuwa sekunde 64 kila mzunguko, mwendo ambao kundi la fainali liliumudu. Mbio za namna hiyo huamuliwa na nani amekaa wapi kengele inapolia. Na Yifter hakuwa na siri: siku chache kabla alishatwaa dhahabu ya mita 10,000 kwa silaha ile ile, kuchomoka mwishoni. Kila mkimbiaji alijua kinachokuja.

Zimebaki kama mita 300, Yifter kabanwa upande wa ndani. Mwenzake, Mohamed Kedir, akasogea. Nafasi ikapatikana, Yifter akafyatuka. Hapo ndipo mimi naona dhahabu ilipopatikana: Ethiopia ilikuwa na mtu wa kufungua njia, Nyambui hakuwa na Kedir wake. Eamonn Coghlan wa Ireland, bingwa wa mbio za maili, alijaribu kupambana na kasi ile akaishia wa nne. Nyambui aliigawa nguvu yake hadi kwenye utepe, na ilibidi, kwa sababu Kaarlo Maaninka wa Finland alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.40. Angekosea kidogo tu, fedha ingegeuka shaba.

Linganisha na Filbert Bayi, siku moja tu kabla, kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Bayi alikimbia kama alivyozoea tangu Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch 1974: mbele, anawaburuza wenzake. Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho. Watanzania wawili, mbinu mbili zilizo kinyume kabisa, medali ya rangi moja.

Wapo wanaosema siri ya wakimbiaji hawa ni milima. Kwa Bayi wa Karatu, sawa. Lakini Majita iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo yako mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, si urefu wa kujivunia mbele ya Waethiopia. Ajabu ni kwamba El Paso, mji wa Texas alikokwenda kusoma, uko karibu urefu huo huo, kama mita 1,140. Alivuka bahari akakuta hewa ya nyumbani! Kilichobadilika ni ushindani. Mtu aliyekuwa mwalimu wa shule Tanzania akawa mwanafunzi tena, akatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani katika mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Februari 1981 akamshinda Alberto Salazar ukumbini New York, mita 5,000 kwa 13:20.4, muda bora wa dunia wa ndani wakati huo. Kwenye duara fupi la ukumbini, kona haziishi. Asiyejua kupanga nafasi yake huumbuka.

Nje ya uwanja, yupo mtu mwingine wa Mara ndani ya hadithi hii. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na makaburu wa Afrika Kusini. Mwaka 1980 Marekani ikamtuma Muhammad Ali Dar es Salaam kutushawishi tususie Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali hata kuonana naye. Mtu wa Butiama alisema hapana mara mbili. Ya kwanza iliwafungia wanariadha mlango, ya pili ikampeleka jirani yake wa Majita kwenye jukwaa la washindi.

Baadaye Nyambui aliingia barabarani. Alishinda Berlin Marathon mwaka 1987 kwa 2:11:11, akarudi mwaka uliofuata akashinda tena, ana miaka 35. Kisha ukocha, Brunei ikiwa mojawapo ya nchi zilizomtumia, na ukatibu mkuu wa Riadha Tanzania, kazi ambayo haina kengele ya mzunguko wa mwisho.

Hadi Olimpiki ya Paris 2024 ilipofungwa, Tanzania ilikuwa na medali mbili za Olimpiki: ya Bayi na ya Nyambui.