Chunusi, Uvimbe, au Vifuko-jasho?

Mkoani Tanga kuna Kwamsisi mbili: kata moja iko Handeni na nyingine iko Korogwe. Barua iliyoandikiwa "Kwamsisi" tu yaweza kupotea njia. Katika istilahi za afya, jina moja likibeba vitu viwili, anayepotea ni mgonjwa.

Tumeisoma karatasi ya maelezo ya dawa moja ya kupaka usoni. Humo vipele vyote vya uso vimeitwa "chunusi", ila vile vitokanavyo na tezi za jasho, ambavyo mahali pamoja vimeitwa "uvimbe". Kwa maoni yetu maneno yote mawili yanapotosha.

Chunusi ni maradhi ya vinyweleo na tezi za mafuta. Vijitundu huziba, na mara nyingi usaha hufuata. Vipele tunavyovizungumzia ni vifuko vidogo vyenye majimaji, vitokeavyo hasa kandokando ya macho na mashavuni. Daktari A. R. Robinson wa New York alivieleza mwaka 1893, akavihusisha na wanawake waliofanya kazi penye joto na mvuke. Huvimba wakati wa joto na kunywea wakati wa baridi. Mama wa Kwamsisi ainamiaye mafiga kutwa hahitaji maelezo zaidi.

Basi tutazame matokeo ya majina hayo. Aambiwaye ana chunusi hununua dawa ya chunusi, ambayo haihusiani na jasho. Asipopona huvikamua, au hukimbilia mafuta ya kujichubua, na baadhi yake yana zebaki au dawa za jamii ya kotisoni ambazo hudhoofisha ngozi zikitumiwa kwa muda mrefu. Aambiwaye ana "uvimbe" hudhani ni saratani, akakosa usingizi bure, kwani vifuko hivi si saratani.

Jina litajalo jasho lingemwongoza vema. Angefahamu kwamba kupunguza joto ni sehemu ya tiba. Angefahamu pia kwa nini madaktari wamewahi kutumia atropini ya kupaka ya asilimia 1: dawa hiyo huzuia jasho, na kwa baadhi ya wagonjwa vifuko vimepungua. Lakini ikiachwa huweza kurudi, nayo yaweza kukausha kinywa na kutia ukungu machoni; kwa hiyo haifai kutumiwa bila daktari.

Tunapendekeza "kifuko-jasho", wingi "vifuko-jasho". Viko pia vipele vigumu vya tezi hizo hizo, visivyo na maji, ambavyo havinywei kwa baridi. Hivyo tungeviita "vinundu-jasho", visije vikachanganywa na vya kwanza. Wako watakaopenda "haidrosistoma". Hatulipingi katika vitabu vya madaktari, ila katika karatasi ya mgonjwa halimwambii lolote. Vilevile "uvimbe usio na madhara" laacha hofu palepale. Yafaa kusema waziwazi, "si saratani".

Mapendekezo haya si amri. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwapo Moshi tangu mwaka 1992, na wanaistilahi tunao. Tunawaomba wakae pamoja, wayapime majina haya kwa wagonjwa wenyewe kabla ya karatasi nyingine kupigwa chapa.