Kipimo cha Marejeo na Kazi ya Bi. Tu Youyou

Kipimo alichokitoa Jorge Hirsch mwaka 2005 ni chepesi: mtaalamu mwenye alama 20 ana makala 20, na kila moja imerejewa na wenziwe si chini ya mara 20. Hebu tukijaribu kwa mkemia wa dawa, Bi. Tu Youyou wa Uchina. Kikundi alichokiongoza kilipata artemisinini mwaka 1972 katika mmea uitwao qinghao. Muundo wake ulitangazwa mwaka 1977, kwa Kichina, katika makala iliyotiwa jina la kikundi cha ushirikiano, bila jina la mtu hata mmoja. Marejeo ya makala hiyo aandikiwe nani? Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015, na dawa mseto zenye asili hiyo ndizo zitutibuzo malaria leo.

Basi kipimo hiki huona jina na lugha isomwayo na wengi. Manufaa ya kazi hakiyaoni. Sisi tuandikao kwa Kiswahili yatupasa kulizingatia jambo hili. Jopo lipandishalo wahadhiri vyeo na lisome makala kwanza, ndipo lihesabu.